Mawe ya Bwana Wolski na Ufuta wa Zuena

Jumatatu, 27 Novemba 1950. Nachingwea.

Bwana Wolski alitaka kulitupa daftari hili kwa sababu wino ulimwagikia kurasa nane za mbele. Nimezikata hizo kurasa nane. Katika zilizobaki nitaandika mambo ya masika haya, ya maabara na ya nyumbani pamoja. Vipimo vina daftari lake la kijani, nami sitavirudia hapa isipokuwa panapohitajika.

Nilifundisha shule miaka thelathini na moja. Nilipostaafu, mradi wa karanga ulikuwa unatafuta mtu mwenye mkono mtulivu wa kuchora anachokiona kwenye hadubini. Macho yangu ya mbali yamekwisha, ya karibu bado mazima. Tupo watatu. Bwana Wolski ni mkemia, Mpolandi aliyeletwa nchi hii na vita, na kwao hakurudi. Agapiti anatunza tanuri na mizani. Mimi nachora.

Kazi ya msimu huu ni mawe. Yanaitwa zeolaiti, na yamekuja kwa sanduku kutoka kaskazini. Ukiyatazama kwa macho ni fuwele bapa, zinazong'aa kama kipande cha kucha. Ndani yake mna vinjia vyembamba visivyoonekana hata kwa hadubini yetu, na katika vinjia hivyo yamo maji. Ukilipasha jiwe moto, maji hutoka yakawa mvuke, na jiwe linabaki na umbo lake lilelile, ila tupu. Liache hewani, nalo litaunywa mvuke wa hewa mpaka lijae tena. Bwana Wolski anataka kujua linakunywa kwa kasi gani, maana ghala za mbegu hapa huvunda wakati wa mvua, na jiwe linalokausha hewa lingefaa sana.

Jumatano, 29 Novemba

Mawingu, bila mvua. Nimechora fuwele sita.

Jumatatu, 4 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana. Bati la maabara lilipiga kelele hata tukawa tunaelewana kwa mikono.

Leo nimeona kwa mara ya kwanza jiwe likinywa. Fuwele kavu inawekwa kati ya vioo viwili vinavyochuja nuru, na kwa vioo hivyo inaonekana rangi ya kijivu. Unapoingiza hewa yenye mvuke, pembezoni hutokea ukanda wa njano. Huo ndio mvuke wenyewe, au tuseme ndiyo alama ya mahali ulipofika. Ukanda unasogea kuelekea katikati polepole, umenyooka kama pindo la kanga. Nimejifunza pia kwamba mvuke hauingii kwa uso mpana wa fuwele. Unaingia kwa ubavu tu. Uso mpana ni ukuta mtupu.

Nilipima kwa mistari midogo iliyochorwa ndani ya kioo cha jicho. Dakika ya nne ukanda ulikuwa umefika mstari wa tano. Nikadhani dakika ya nane utafika wa kumi. Haukufika. Ulifika wa kumi dakika ya kumi na sita, na wa kumi na tano dakika ya thelathini na sita. Wanafunzi wangu wangeona mara moja: ukitaka mwendo mara mbili, subiri mara nne, ukitaka mara tatu, subiri mara tisa. Sababu ni kwamba chembe za mvuke haziendi kama mtu aendaye sokoni. Kila moja inagonga huku na kule, inarudi, inasogea tena, na ni jumla yao tu inayokwenda mbele.

Nilirudia mara kumi na tisa. Ni vilevile.

Jumanne, 12 Desemba

Agapiti ananitania. "Mwalimu, mawe yako yanakunywa kuliko watu wa kwetu siku ya harusi."

"Tofauti ni kwamba haya hayapigani," nikamwambia.

"Na ukiyatia motoni yanatubu. Mjomba wangu tumemtia kila mahali, bado."

Nimepata habari za dada yangu Zuena kwa watu waliotoka Ruangwa. Yuko Narung'ombe, mjane wa miaka miwili. Mwaka jana nyumba yake ilivuja, akapoteza mbegu nyingi za ufuta. Zilizobaki ni nusu debe, ufuta mweupe wa marehemu mumewe Kaimu, ambao majirani hawana. Shaibu, mdogo wa Kaimu, amesema shamba la kaka yake halitalala mwaka wa pili. Zuena asipolipanda mpaka mwisho wa Februari, yeye atalichukua. Kwa desturi ya ukoo wao anaweza. Ufuta hupandwa Februari, kwa hiyo mbegu lazima zivuke mvua za Desemba na Januari zikiwa nzima.

Nina dawa ya jambo hilo mezani kwangu.

Jumatano, 20 Desemba

Bwana Wolski ameniruhusu kuchukua ratili mbili za mawe. Agapiti aliyakausha tanurini tangu asubuhi. Alinipa chupa ya kioo yenye kizibo cha kioo kilichosagwa, nikaikataa. Chupa itavunjika kwenye lori. Nimeyatia katika kibuyu cha marehemu mama.

"Kibuyu, Mwalimu?"

"Kibuyu hiki kilikaa na chumvi nyumbani kwetu tangu sijaota meno. Masika yote ya utoto wangu sikuona chumvi ya mama ikilowa, hata punje. Kama kinazuia unyevu usiifikie chumvi, kitauzuia usiyafikie mawe."

Agapiti alitazama kizibo cha mti, akanyanyua mabega. "Wewe ndiye uliyesoma."

Jumapili, 24 Desemba. Narung'ombe.

Nilidhamiria kusikiliza Maulidi hapa juzi Ijumaa. Badala yake nilikuwa bonde la mto Mbwemkuru, lori limezama tope hadi ekseli, abiria tumejifunika turubai moja. Tuliondoka Alhamisi, nimefika jana Jumamosi jioni. Kibuyu nilikishika mapajani njia nzima.

Zuena amekonda lakini ulimi wake haujakonda. "Kaka, umeleta mawe? Huku mawe tunayo, tunajikwaa kila siku."

Nilimweleza habari za vinjia na mvuke. Alisikiliza akichambua mboga. Mwisho akauliza, "Sasa hayo mawe yanajua lipi la kunywa na lipi la kuacha?"

Swali zuri. Nilimjibu kwamba vinjia ni vyembamba, hivyo chembe kubwa hazipiti, maji yanapita. Akasema, "Kumbe yana adabu."

Jumanne, 26 Desemba. Narung'ombe.

Mbegu zilikuwa kwenye debe lisilofungwa, juu ya uchaga wa jikoni, nyeusi kwa moshi. Nimeziteremsha. Nilitaka zianze safi, kwa hiyo nilizianika barazani kwenye mkeka tangu jana, tukazipepeta na kutoa takataka.

"Kaka, kwa mvua hii?"

"Barazani hapanyeshi."

"Hapanyeshi, lakini hata shuka langu halikauki hapo."

"Unyevu mdogo usikutie hofu. Mawe yatakunywa wote. Ndiyo kazi yake."

Leo tumezirudisha debeni, mawe katikati ndani ya mfuko wa kitambaa, na mfuniko nimeuziba kwa nta ya nyuki pande zote. Mawe machache nimeyabakiza kibuyuni nirudi nayo. Nilimwambia Zuena mambo mawili. Asilirudishe debe jikoni, kwa sababu moto utayeyusha nta. Na asilifungue hata mara moja mpaka siku ya kupanda, kwa sababu kila akifungua anayapa mawe hewa mbichi ya kunywa, na yakishajaa hayasaidii kitu. Mbegu kwa kawaida anazifungua kila Ijumaa, anazinusa. Mama yetu alifanya hivyo.

"Hata kunusa?"

"Hata kunusa."

Shaibu alipita jioni. Ni mtu wa maneno mafupi. Aligonga debe kwa kidole. "Shemeji, umemzika kaka yangu mara ya pili?"

"Nimemhifadhia ufuta wake," nikamjibu.

"Tutaona Februari," akasema, akaenda zake.

Jumatano, 3 Januari 1951. Nachingwea.

Mvua. Fuwele nne.

Jumamosi, 13 Januari

Imetangazwa wiki hii kwamba mradi wa karanga utapunguzwa sana. Watu wanasimama vikundi vikundi karibu na reli wakiulizana nani atabaki. Nilimuuliza Bwana Wolski kama maabara itafungwa. Akasema, "Mbaruku, mimi nimeona nchi ikifungwa. Maabara ni kitu kidogo. Pima." Tukapima.

Ijumaa, 26 Januari

Mvua siku ya tisa mfululizo. Viatu vyangu vimeota ukungu wa kijani. Nimewaza ufuta wa Zuena, kavu ndani ya nta yake, nikaridhika.

Jumamosi, 3 Februari

Shaibu alikuja maabara mwenyewe, safari ya lori kutwa nzima. Aliweka mezani vifurushi viwili vya kitambaa. Kimoja ni mawe yangu. Kingine ni ufuta, umeshikamana mabonge, na harufu yake ilifika kabla ya fundo kufunguliwa.

"Alifungua Jumatano. Ndivyo ulivyo wote," akasema.

Nikauliza kama Zuena aliwahi kulifungua debe kabla.

"Anasema hakufungua."

"Amefungua. Haiwezekani mbegu zivunde na mawe yamo, ila hewa imeingia. Zuena namjua. Ameshindwa kuacha kunusa."

Shaibu alinitazama. "Hilo ni neno lako, shemeji? Nikalisema huko?"

"Ni neno langu."

"Basi. Mimi nilidhani mnaharibu pamoja, kumbe anaharibu peke yake." Akakataa chai. Alisema shamba linasubiri mwisho wa mwezi kama alivyoahidi, hata siku moja haongezi.

Nimechukua punje mia za ufuta ule, nimezilaza kwenye kitambaa kibichi nione ngapi zitaota.

Jumatatu, 5 Februari

Nimeweka fuwele moja kati ya yale mawe ya Zuena chini ya hadubini. Njano kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuna kijivu popote. Jiwe limejaa. Nikaandika katika daftari la kijani: debe lilifunguliwa.

Jumanne, 6 Februari

Agapiti alisoma nilichoandika jana, kwa sababu yeye ndiye anayenakili vipimo. Akaja kusimama mbele ya meza yangu.

"Mwalimu, yale mawe Shaibu aliyaleta ndani ya nini?"

"Ndani ya kitambaa."

"Siku nzima? Kwa lori, na mvua?"

Jiwe kavu kabisa lingejaa ndani ya kitambaa kile kabla halijafika Ruangwa. Nilichokiona jana chini ya hadubini kilikuwa safari ya Shaibu. Cha Zuena hakikuwemo hata chembe. Mtihani wa namna hiyo ningemrudishia mwanafunzi wa darasa la nne.

"Basi hatujui," nikasema.

"Hatujui," akasema Agapiti. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeulizia ufunguo: "Na yale ya kwenye kibuyu?"

Kibuyu kilikuwa nyuma ya kabati, kizibo mahali pake, hakijaguswa tangu Desemba. Nilitoa fuwele moja. Njano, ukingo hadi ukingo.

Jumamosi, 10 Februari

Nitaandika kwa utaratibu.

Jumatano Agapiti alikausha mawe mapya, tukayagawa sehemu tatu zenye uzito sawa. Ya kwanza tuliitia katika chupa ya kioo, ya pili katika kibuyu cha mama kwenye rafu, ya tatu katika kibuyu kingine, tukakitundika karibu na bomba la tanuri ambako hewa ni ya joto kutwa. Kila asubuhi tulipima uzito na nikatazama fuwele moja ya kila sehemu.

Mawe ya chupa: kijivu, uzito haukubadilika.

Mawe ya kibuyu cha tanurini: ukanda mwembamba wa njano pembezoni, kisha ukasimama.

Mawe ya kibuyu cha mama: siku ya kwanza njano ilifika robo. Leo, siku ya tatu, imefika katikati kutoka pande zote; jiwe limejaa.

Siku tatu ndizo nilizokaa njiani kwenda Narung'ombe.

Kibuyu kinapumua. Kinapitisha mvuke kwa ganda na kwa kizibo, polepole, lakini kinapitisha. Chumvi ya mama haikulowa kwa sababu kibuyu kilining'inia juu ya jiko. Kilichokuwa kikiilinda ni moto. Nilikula chumvi ile miaka yote ya utoto wangu, nikakitazama kibuyu kila siku, nikakisifu kibuyu kwa kazi ya moto. Kisha nikaenda kwa dada yangu, nikateremsha mbegu zake kutoka juu ya moto, nikazianika katika mvua, nikazifungia ndani ya nta pamoja na mawe yaliyokwisha kushiba. Unyevu ukakosa pa kutokea.

Nimefuta sentensi ya Jumatatu. Chini yake nimeandika sababu ya kuifuta na jina langu. Bwana Wolski alisoma, akasema jaribio la vibuyu ni zuri, litaingia kwenye ripoti ya mwisho. Nikamwomba aandike pia lilianzaje. Akafikiri. "Ripoti haina kawaida ya mambo ya dada."

"Andika basi kwamba msaidizi alikosea chombo."

Akaandika.

Katika punje mia zimeota kumi na nne.

Jumatano, 14 Februari

Nimeomba ruhusa ya siku saba. Agapiti amenifungia mawe makavu katika chupa. "Hii ikivunjika, Mwalimu, wewe na dada yako mnywe mvuke wenyewe." Akaizungushia sufi na magunia.

Ijumaa, 16 Februari. Narung'ombe.

Nimefika saa nne asubuhi. Zuena alinipa maji ya kunawa, akanitengea chakula, hakuzungumza zaidi ya salamu. Debe lilikuwa uani, limeoshwa, limeinamishwa.

Neno nililolisema kwa Shaibu lilikuwa limefika kila nyumba kabla yangu. Kwa hiyo sikutaka kulirekebisha jikoni. Baada ya sala ya Ijumaa niliomba watu wasiondoke. Nilisema kwamba dada yangu hakufungua debe. Kwamba mawe nilikuja nayo yameshajaa. Kwamba mbegu nilizilowesha mimi kwa kuzianika. Na kwamba nilimshuhudia uongo bila kupima. Sikueleza habari za fuwele. Nilitamani sana kueleza, nikajizuia.

Mzee mmoja aliuliza, "Sasa Mwalimu, huo usomi wako ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa nami," nikasema. "Ndio ulionifanya nisiulize."

Shaibu alikuwa nyuma, mikono kifuani. "Shemeji, mimi nimebeba neno lako kutoka Nachingwea. Sasa unanishusha nalo njiani?"

"Nakushusha. Lilikuwa bovu."

"Na shamba?"

"Ulisema lipandwe mpaka mwisho wa mwezi. Litapandwa."

"Kwa mbegu gani?"

"Zilezile. Kumi na nne katika mia ziko hai."

Watu wengine walicheka. Shaibu hakucheka. Alisema, "Nilisema lipandwe. Sikusema liote vipi. Lakini nitalitembea lote kwa miguu yangu, na pasipo na jembe nitapaona." Akaenda.

Jioni, akipuliza moto, Zuena alisema bila kugeuka, "Ulipoondoka Desemba nilikaa siku mbili nalitazama lile debe. Mvua inapiga. Nikasema, hili ningelirudisha juu ya jiko. Nta ikiyeyuka iyeyuke. Nikalinyanyua mpaka kifuani."

"Halafu?"

"Halafu nikakutii."

Jumatatu, 19 Februari. Narung'ombe.

Tumelima na kupanda siku tatu. Nilikuwa sijashika jembe tangu kabla ya vita. Mabonge tuliyavunja, tukayakausha kwenye uchaga, tukapepeta. Kwa kuwa nyingi ni mfu, tunapanda nene, mara saba ya kawaida, na kwa hiyo zimetosha chini ya robo ya shamba, pembe ya kaskazini. Chache tulizobakiza makusudi tumezisambaza nyembamba kila mstari wa kwingine, hata pale ambapo pengine hakuna hata moja hai. Zuena alisema jembe lipite kote.

Mchana Shaibu alikuja kulitembea shamba. Alipita mstari kwa mstari. Alipofika mahali ambapo mgongo wangu ulikuwa umegoma, aliuchukua mpini mkononi mwangu, akamaliza mstari ule, akaurudisha, akaendelea kutembea.

Alhamisi, 22 Februari. Nachingwea.

Nimerudi. Malengelenge manane.

Jumatano, 28 Februari

Fuwele tano. Maabara itafungwa mwezi wa tano.

Alhamisi, 8 Machi

Yunusi, utingo wa lori la Ruangwa, alileta ujumbe wa Zuena. Aliufikisha kwa kuiga sauti ya Zuena mwenyewe, mpaka Agapiti akaacha kazi kumsikiliza. Pembe ya kaskazini imeota, amelazimika kupunguza miche. Kwingine ni mmoja hapa, mmoja kule, kama meno ya kaka yake. Shaibu ametembea tena na amesema shamba limepandwa. Mavuno yatakuwa kidogo, yote yatakuwa mbegu.

Anataka nimletee mawe tena mwezi wa saba, mengi, kwenye chupa. Atayatia debeni, na debe atalitundika juu ya jiko.

"Na akasema," Yunusi akaongeza, "atalifungua kila Ijumaa anuse, na kama hutaki, mawe ubaki nayo."

Nilimpa Yunusi jibu kwamba nimekubali. Kisha nikamuuliza Bwana Wolski kama naweza kubaki na chupa mbili maabara itakapofungwa. Akasema nichukue tatu.